Jina la ukoo «Walker»: je, maana yake ni «mtembeaji»?

Mwalimu wa Makambako

Salaam, ndugu zangu wapenda lugha.

Ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na wiki iliyopita tulikuwa tukichambua majina ya koo za Waingereza yaliyotokana na kazi. «Smith» ni mhunzi, «Baker» ni mwoka mikate, «Taylor» ni mshonaji. Hadi hapo hapakuwa na tatizo. Tulipofika «Walker», darasa zima lilijibu kwa sauti moja kwamba ni mtembeaji, nami nikakubali, kwa kuwa kitenzi chenyewe wanakijua tangu shule ya msingi. Ndipo mwanafunzi mmoja anayekaa nyuma akaniuliza: «Mwalimu, mtembeaji analipwa na nani?» Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lile halijanitoka.

Jioni yake nilitafuta, nikakuta maelezo mafupi kwamba «Walker», «Fuller» na «Tucker» ni majina ya kazi moja, nayo ilihusu vitambaa vya sufu baada ya kufumwa. Maelezo hayo yameniongezea maswali badala ya kuyapunguza. Kazi hiyo ilikuwa ipi hasa, hata ikahitaji fundi wake peke yake ilhali mfumaji alikwisha kumaliza yake? Kwa nini kazi moja ipate majina matatu? Kutembea kunaingiaje hapo? Na kwa Kiswahili tumwite nani huyo fundi? Nisingependa kurudi darasani na jibu nusu.

Fundi Mstaafu wa Nguo, Morogoro

Mwalimu, mfikishie mwanafunzi huyo pongezi zangu. Mimi nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, upande wa umaliziaji, na ingawa sisi tulishughulika na pamba, kazi unayoiulizia ni ya jamaa zetu wa zamani, kwa hiyo naieleza kwa furaha.

Kitambaa cha sufu kinapotoka kwenye kitanda cha mfumi bado hakijawa nguo. Nyuzi za mtande na za mshindio, yaani za urefu na za upana, zimeachana, mwanga unapenya katikati yake, na sufu bado imeshika mafuta ya kondoo pamoja na mafuta aliyoongeza msokotaji ili nyuzi ziteleze. Ukikivaa kikiwa hivyo, kitalegea na upepo utakuingia. Kwa sababu hiyo kilipelekwa kwa fundi wa pili, aliyekitia katika hodhi lenye maji na mkojo uliovunda, au udongo maalumu unaofyonza mafuta, kisha yeye na wenzake wakaingia humo pekupeku wakakikanyaga kwa saa nyingi, huku wakikigeuza na kukikunja upya kila baada ya muda. Mkojo uliovunda hutoa amonia, nayo huondoa mafuta kama sabuni ifanyavyo. Ndiyo sababu watu wa kazi hii, tangu enzi za Warumi, waliuthamini na kuukusanya majumbani.

Jambo la pili lililotokea humo hodhini ndilo lililoifanya kazi hii kuwa ufundi. Ukiutazama unywele wa sufu kwa hadubini utaona una magamba madogo yaliyolala upande mmoja kama vigae vya paa. Joto, unyevu na msuguano huyafanya magamba ya unywele huu yanase katika ya unywele ule, na yakishanasa hayaachiani. Kitambaa hurudi, pengine kwa theluthi nzima au zaidi, kikawa kizito na kizibe matundu yote. Fundi alipaswa kujua asimamie wapi, maana kilichokwisha kurudi hakirefushwi tena kikawa kama mwanzo. Baada ya hapo kilisuuzwa, kikatandazwa kwenye fremu ndefu za mbao uwanjani, kingo zake zikashikwa kwa ndoano ndogo, kikavutwa hadi upana uliotakiwa na kukaukia hapo hapo.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka jana mke wangu alininunulia mtumbani sweta la sufu tupu, lililonikaa vizuri kabisa. Kijana anayetusaidia kufua alilitia katika maji ya moto na kulisugua kama anavyosugua kanga. Lilitoka likimtosha mjukuu wangu wa miaka sita, zito, gumu kama zulia, na vitanzi vya ufumaji havionekani tena hata ukilileta karibu na jicho. Kilicholipata sweta lile ndicho alichokifanya Walker kwa makusudi, kwa kipimo, na kwa malipo.

Kuhusu majina matatu: yaligawanyika kwa majimbo. Kusini mashariki mwa Uingereza, yaani Kent na Sussex, na vilevile kule Norfolk na Suffolk, watu walisema «fuller», neno lenye asili ya Kilatini, «fullo», ambalo Kifaransa cha Wanormani kililiongezea nguvu baada ya wao kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kusini magharibi, katika Devon, Somerset na Cornwall, walisema «tucker», kutokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kutesa. Na kwa kweli kitambaa kiliteswa. Kaskazini, na katika ukanda wa kati upande wa magharibi, walisema «walker», kwa sababu fundi alikuwa akitembea juu ya kitambaa siku nzima. Mjini Exeter, Devon, ukumbi wa chama cha wafumaji, wakanyagaji na wakata manyoya ya vitambaa, uliojengwa 1471, unaitwa Tuckers Hall hadi leo.

Msomaji wa Lancashire

Ndugu Fundi ameieleza kazi kwa namna ambayo sijapata kuiona ikielezwa kwa Kiswahili, nami namshukuru. Kwa heshima, naomba nitofautiane naye katika jambo moja tu, lile la kwamba fundi aliitwa «walker» kwa sababu alikuwa akitembea. Maelezo hayo yameenea sana, lakini yanaupindua mpangilio wa mambo.

Katika Kiingereza cha kale kitenzi «wealcan» kilimaanisha kuviringisha, kugeuzageuza, kurusha huku na huku, kama mawimbi yafanyavyo. Na fundi wa sufu alikwisha kuitwa «wealcere» wakati huo huo. Aliyetaka kusema kwamba amekwenda kwa miguu alitumia vitenzi vingine. Maana ya kutembea ilikuja kukishika kitenzi hiki baadaye, kuanzia karne ya 13 hivi, kisha ikaenea hadi ikaisukuma nje ile ya awali. Kwa maneno mengine, fundi alikuwa na jina lake kabla mtembeaji hajapata la kwake. Ukitaka ushahidi, tazama lugha jirani: Wajerumani hadi leo wana kitenzi «walken», na Waswidi wana «valka», vyote viwili vikihusu kukaza sufu na wala si kutembea. Neno hilo hilo la Kijerumani cha kale liliingia hata Italia, ambako kinu cha kukazia sufu huitwa «gualchiera». Hakuna Mwitaliano anayesikia miguu ndani ya neno hilo.

Kwamba kazi ilifanywa kwa miguu ni kweli tupu. Picha za ukutani zilizofukuliwa Pompeii zinawaonyesha watu wamesimama ndani ya mapipa wakikanyaga nguo. Kazi na neno vilikutana, ndiyo sababu maelezo yale yanashawishi.

Tena miguu yenyewe ilianza kupumzishwa mapema kuliko tunavyodhani. Katika orodha ya mali iliyoandikwa 1185, watawa wapiganaji wa Hekalu walikuwa tayari na vinu vya maji vya kukazia sufu kule Newsam, Yorkshire, na Barton, Gloucestershire. Mimi ninaishi kaskazini mwa Manchester, na si mbali nasi, Helmshore, kuna kinu cha namna hiyo kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 18, ambacho sasa ni jumba la makumbusho. Nilipokitembelea mara ya kwanza niliwaza kinu na mchi vya nyumbani kwa bibi yangu. Gurudumu la maji huzungusha gogo lenye vibao vilivyochomoza; kila kibao hunyanyua nyundo kubwa ya mti, ndefu kumpita mtu, kisha huiachia ianguke ndani ya sanduku lenye kitambaa kilicholowana. Sanduku limechongwa kwa mviringo upande wa ndani, na kila pigo, mbali na kukigonga kitambaa, hukiviringisha kidogo ili sehemu nyingine ipate zamu yake. Nilisimama pale nikasema moyoni: kumbe «kuviringisha» ndilo neno lenyewe.

William Langland, aliyetunga shairi la Piers Plowman katika nusu ya pili ya karne ya 14, anasema humo kwamba kitambaa kinachotoka kwa mfumaji hakifai kuvaliwa mpaka kikanyagwe kwa mguu au kigongwe kinuni, kioshwe, kikwaruzwe kwa vichwa vya miiba, kivutwe kwenye fremu, kisha kimfikie mshonaji. Basi wakati wake njia zote mbili zilikuwa zikitumika. Na katika mistari hiyo michache ametumia kitenzi cha watu wa Fuller na kitenzi cha watu wa Tucker, kimoja baada ya kingine.

Wales nako wanaita kinu hiki «pandy», na mji wa Tonypandy umebeba neno hilo katika jina lake.

Binti Tanga, mfasiri

Nitajibu lile la Kiswahili peke yake, kwa kuwa limewahi kunisumbua.

Watafsiri wa Biblia walilikuta kabla yetu. Katika Marko 9:3, pale nguo za Yesu zilipometameta, Kiingereza cha 1611 kinasema hakuna «fuller» duniani awezaye kuzifanya nyeupe kiasi kile. Biblia yetu ya Kiswahili inasema «dobi». Isaya 7:3 nako kuna uwanja wa dobi. Chaguo hilo lilikuwa jema kwa msomaji wa pwani na bara, na Kiebrania chenyewe katika Isaya hutumia neno la ufuaji ambalo asili yake ni kukanyaga. Hata hivyo dobi hupokea nguo iliyokwisha kuvaliwa ili aitoe uchafu, ilhali Walker alipokea kitambaa ambacho hakijamgusa mtu. Ukimwita dobi, mwanafunzi ataona kapu la nguo chafu, na nusu ya maana itakuwa imepotea.

Napendekeza turudi kwenye kitenzi chetu cha kufua. Tunafua nguo, tunafua chuma, tunafua dhahabu, tunafua nazi. Humo mote mna nguvu inayoingizwa katika kitu hadi kigeuke kilivyo, kwa kupiga, kwa kusugua au kwa kuchoma kwenye kifuo. Mfua chuma hasafishi chuma. Basi «mfua sufu» angeeleweka, na angekaa vizuri kando ya mfua chuma, ambaye ndiye Smith wenu wa ubao ule ule. «Mkanyaga sufu» ni wazi zaidi lakini linatufunga kwenye miguu, na tumekwisha kuambiwa kwamba vinu viliingia zamani.

Mwalimu wa Makambako

Nimesoma kila neno, na mengine nimeyasoma mara tatu. «Mfua sufu» nalichukua, Bi Binti Tanga, na kesho kutwa litaandikwa ubaoni.

Limebaki moja. Wanafunzi wangu wanamjua Kyle Walker, beki aliyezaliwa Sheffield. Wanamjua mwandishi Alice Walker wa Marekani. Na wote wameiona ile chupa ya pombe ya Johnnie Walker yenye picha ya bwana anayetembea kwa hatua ndefu, ambayo nadhani ndiyo iliyowathibitishia kwamba jina ni la mtembeaji. Je, hawa wote ni ukoo mmoja? Kwetu jina la tatu la mtoto ni la babu yake, na mtu akilifuata nyuma anafika kwa mtu fulani anayejulikana. Ukilifuata Walker nyuma unafika kwa nani?

Msomi wa Nasaba, Nairobi

Unafika kwa watu wengi wasiojuana, Mwalimu, na hilo ndilo jambo ambalo huwafadhaisha sana wanaotafuta asili ya jina kama hili.

Kabla ya 1066, na kwa muda mrefu baadaye, mwanakijiji wa Uingereza alikuwa na jina moja, na la pili lilikuwa la kumtambulisha tu: yule mfua sufu, yule wa kilimani, mwana wa fulani. Akibadili kazi, jina lilibadilika. Mwanawe akiwa seremala, aliitwa kwa useremala wake. Wenye mashamba makubwa ndio waliotangulia kurithisha majina, kwa kuwa walikuwa na ardhi ya kurithisha, na watu wa kawaida wakafuata polepole hadi kufikia mwaka 1400 hivi, ambapo familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina lisilobadilika. Makarani walichangia sana. Kodi ya kichwa ilitozwa 1377, 1379 na 1381, na katika orodha za Yorkshire za 1379 karani mara nyingi aliandika jina la mtu na kazi yake pembeni, hivyo tunaweza kuona jina na kazi vikianza kuachana. Kisha 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo ukoo unaweza kufuatwa, palipo na bahati ya daftari kutoliwa na panya wala unyevu.

Sasa fikiria kila bonde la kaskazini lenye kondoo na kijito, na kila bonde na mfua sufu wake. Majina yalipoganda, kila mmoja wao alikuwa Walker wa kwanza wa ukoo wake. Uchunguzi wa chembe za urithi za wanaume uliofanywa na Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester ulionyesha jambo hili vizuri: wenye jina adimu mara nyingi wana babu mmoja, lakini wenye majina yaliyoenea, kama Smith, hawakaribiani kuliko watu wowote wengine waliookotwa njiani. Walker ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Uingereza. Wawili wenye jina hili wakikutana, wasiitane ndugu kabla ya kuonyeshana madaftari.

Upo pia mtego mdogo. Ndani ya Newcastle upon Tyne kuna mtaa uitwao Walker, kando ya ukuta uliojengwa kwa amri ya kaisari Hadrian kuanzia mwaka 122. Jina la mtaa huo halihusiani na sufu kabisa. Ni maneno mawili yaliyoungana, «ukuta» na «kinamasi». Familia chache zilizotoka hapo huenda zilichukua jina kutokana na mahali.

Tukirudi kwa watu wako: John Walker wa Kilmarnock, Uskoti, alianza biashara katika duka lake la vyakula mwaka 1820, akiwa kijana mdogo. Uskoti nayo ilikuwa na wafua sufu wake, na Kigaeli kina jina lenye maana ya «mwana wa mfua sufu» ambalo katika Kiingereza liliandikwa Walker. Yule bwana wa kwenye chupa alichorwa na Tom Browne mwaka 1908, miaka mingi baada ya John kufa, na mchoraji alichukua maana ambayo kila mtu wa wakati wake aliisikia katika jina hilo. Picha nzuri, lakini si ushahidi.

Kuhusu Wamarekani weusi, kama Alice Walker, hapo ningewaomba wanafunzi wasikilize kwa utulivu. Wengi walipewa au walichukua majina ya waliowamiliki babu zao, au majina mengine waliyoyachagua wenyewe baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, na kwa hiyo Walker wao anaweza kutoka kwa mwenye shamba ambaye babu yake alikuwa mfua sufu wa Lancashire, bila damu yoyote kuhusika. Tena wapo waliolipata kwa ndoa: Madam C. J. Walker, mfanyabiashara maarufu wa vipodozi vya nywele, alizaliwa 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, na Walker alilipata alipoolewa na Charles Joseph Walker mwaka 1906. Kwa sababu hiyo hiyo nisingethubutu kumwambia mtu chanzo cha jina lake kwa kutazama tu mahali alipozaliwa, hata awe mzaliwa wa Sheffield.

Fundi Mstaafu wa Nguo, Morogoro

Ndugu wa Lancashire, nimekubali masahihisho yako kuhusu «wealcan», na nakushukuru. Kwa miaka yote nimekuwa nikieleza vingine.

Mwalimu, naona tumezunguka sana na bado hatujamjibu kijana wa kiti cha nyuma. Mwambie hivi: Walker alilipwa na mwenye kitambaa, ama mfumaji mwenyewe, ama mfanyabiashara aliyewagawia wafumaji sufu na kukusanya vitambaa. Lakini kinu cha maji kilipoingia, sehemu ya malipo ilianza kwenda kwa mwenye kinu, ambaye kwa kawaida alikuwa bwana wa ardhi au nyumba ya watawa, na wengi wa hao waliwakataza watu wao kukanyagia sufu nyumbani. Mjini St Albans, mwaka 1274, wenyeji waligombana na abate wao kwa jambo hilo hilo: walitaka kukaza vitambaa vyao majumbani kwa miguu yao wenyewe, bila gharama, naye alitaka vyote vipite katika kinu chake. Abate alishinda.